Makubadhi ya Mguu wa Kulia

Walipotoka katika kivuli cha korongo, yapata saa moja ya asubuhi, mlima uliwafunukia wote kwa mara moja, na Itto akajikuta ameacha kukanyaga pedeli.

Alikuwa ameuona tangu utotoni, kila siku aliyojaaliwa na Mungu, kutoka dirisha la jikoni kwao. Lakini kuutazama mlima huku unachambua dengu ni jambo moja, na kuutazama huku umekalia baiskeli, nao unakungoja, ni jambo jingine kabisa. Barabara ilijikunja na kujikunjua juu ya ubavu wake mwekundu mfano wa kilemba kilichofumuka kichwani mwa jitu, kona juu ya kona, hadi ikapotelea penye theluji ya mwisho ya mwezi wa Mei. Na juu ya theluji, baina ya majabali mawili, palikuwa na pengo dogo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Pengo hilo ndilo Tizi n'Itran, Kipito cha Nyota. Humo, kabla jua halijachwa, ndimo maisha yake yangekatwa kama kitambaa na kupewa mshonaji huyu au yule.

"Subhana Llah," alisema baba yake, akisimamisha baiskeli yake nzee kando yake. "Usiutazame wote, mwanangu. Utakutia kizunguzungu."

"Nisipoutazama nitaupandaje?"

"Kona moja moja. Miaka thelathini nimeupanda na mfuko wa barua mgongoni, na sijapata kuupanda wote hata siku moja. Napanda kona. Nikiimaliza, Mola hunipa nyingine."

Mzee Haddu alikuwa na miaka sitini na sita, na ndiye aliyekuwa tarishi wa mabonde mawili, la upande huu na la upande ule wa mlima, kabla hazijaja simu za mkononi. Alipostaafu aliirudisha kofia ya posta, ila mfuko wa ngozi aliuomba akaachiwa. Leo pia aliuvaa. Itto hakujua umebeba nini. Alijua tu kwamba baba yake aliufunga kamba mara mbili, na hakuruhusu mtu mwingine kuushika.

Hatua thelathini nyuma yao alikuwa Bassu.

Alikaa nyuma hivyo kwa adabu, kwa kuwa si vema kijana kumfuata binti wa watu gurudumu kwa gurudumu mbele ya baba yake. Bassu alikuwa fundi baiskeli wa mji wa soko, mwenyeji wa bonde la upande ule, mrefu, mwenye mikono ambayo mafuta ya cheni hayakutoka kamwe katika kucha zake. Itto alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, akienda shuleni kwa baiskeli kila siku. Na kwa miaka miwili baiskeli hiyo iliharibika mara nyingi kuliko ilivyo ada ya baiskeli. Mara breki, mara spoki. Mara moja hapakuwa na kibaya chochote, na Bassu aliikagua saa nzima, kwa makini, bila kucheka.

Walipendana hivyo, mchana kweupe, mbele ya soko zima, bila ya mmoja kumgusa mwenziwe hata ncha ya kidole. Na hapakuwa na njia.

Kwa maana kulikuwa na tada, ahadi ya undugu.

Zama za mababu, watu wa Ait Ugadir wa bonde hili na watu wa Ait Tamda wa bonde lile waliuana miaka saba kwa ajili ya mfereji wa maji. Walipochoka kuzika, walikutana kule kwenye kipito. Wanawake wenye kunyonyesha wa pande zote mbili walikamua maziwa yao juu ya sinia moja la kuskusi, na wanaume wakala. Kisha kila mwanamume akavua kubadhi lake la mguu wa kulia. Ya huku yakafunikwa joho, ya kule yakafunikwa joho jingine, na mzee mmoja kipofu akachomoa moja kutoka huku na moja kutoka kule, mpaka yakaisha. Wawili ambao makubadhi yao yalitoka pamoja wakawa ndugu, wao na vizazi vyao, na kila mmoja akarudi kwake na kubadhi la mwenziwe. Ndugu wa tada hadanganywi. Akiomba kitu hanyimwi, hata akiomba farasi wa pekee zizini. Wala wenye tada hawaoani.

Siku ile kubadhi la babu yake Mzee Haddu lilitoka pamoja na kubadhi la babu mkuu wa Bassu. Na Bassu, ambaye baba yake alikwishafariki, ndiye mrithi wa ahadi hiyo kwa upande wa kwao.

Kwa hiyo akiomba kuozwa Itto, Mzee Haddu hawezi kumkatalia, kwa sababu ya tada. Wala hawezi kumkubalia, kwa sababu ya tada hiyo hiyo. Na Ijumaa, siku mbili baada ya leo, jamaa wa Muhand, binamu yake Itto, wangefika kutoka mji wa Dar al-Baida na koni za sukari na hina, kuisoma Fatiha ya uchumba.

Mzee Haddu alisikiliza kilio cha binti yake wiki nzima. Kisha akasema, "Jumatano napanda mlima. Njooni nyote wawili. Kule juu kwenye rundo la mawe nitasema neno langu. Njiani, jambo hilo lisitajwe mbele yangu."

*

Mpaka saa tatu walikuwa wamemaliza kona sita. Miti ya lozi ilikwisha. Ikabaki mierezi iliyopinda kwa upepo, kisha nayo ikaanza kuachana, mmoja hapa, mwingine mbali, kama waumini waliochelewa sala. Itto alisikia damu yake ikigonga masikioni. Alipogeuka nyuma, kijiji chao kilikuwa kimekuwa kiganja cha mkono, na mto uzi wa fedha uliosahauliwa na mshonaji.

Wanawake wa kwao hutunga beti za papo kwa papo wakifuma au wakivuna, na anayetupiwa ubeti sharti ajibu, la sivyo huchekwa. Itto alipoona baba yake ametangulia kona moja, aliinua sauti kwa pumzi iliyobaki, akauimbia mlima ili mwingine asikie:

*Mlima wewe mrefu, kilele umekificha,*
*Mpenzi wangu dhaifu, pumzi imemkacha.*

Sauti iligonga jabali ikarudi. Bassu alitabasamu huku akitiririkwa na jasho. Hakujibu.

"Umemeza ulimi?" Itto alimtupia neno akigeuza shingo.

"Nauhifadhi."

"Uje uoze?"

"Panda, binti wa posta. Kona bado nyingi."

Walimkuta Mzee Haddu ameketi juu ya jiwe, akinywa maji. Alimtazama Bassu kwa macho yale yaliyozoea kusoma majina yaliyofutika juu ya bahasha.

"Mwanangu, unahitaji chochote? Mkoba wangu wa safari umejaa."

"Sihitaji kitu, Ami Haddu. Mungu akupe afya."

"Hata tende?"

"Ninazo zangu."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akapanda baiskeli yake. Itto aliona wema wa baba yake, akaona na ukaidi wa Bassu, akachukizwa na huo ukaidi.

Katika kona ya tisa palikuwa na zizi la mawe, na mbele yake bikizee mmoja aliyevaa joho la sufu lenye mistari, mbuzi wakimzunguka kama watoto wa chuoni. Jina lake Bibi Tuda. Mzee Haddu alikwisha kumletea barua za mwanawe kwa miaka mingi.

"Ee tarishi! Hujafa tu?"

"Bado, Bibi. Nangoja barua yangu."

"Na hao uliowaleta? Watu wazima wenye akili zao wanapanda mlima juu ya punda wa chuma! Punda huyo anakula nini?"

"Anakula magoti yangu, Bibi," alisema Itto akihema.

Bibi Tuda alicheka mpaka akashika mbavu. Aliwaletea bakuli moja la maziwa ya mtindi na mkate wa shayiri, akaketi kuwatazama wakila. Bakuli lilipita kwa Mzee Haddu, likaja kwa Itto. Itto alikunywa, na alipotaka kumpa Bassu, mkono wake ulisita hewani. Maziwa. Bakuli moja. Kulikuwa kusita kwa kipumbavu, na yeye mwenyewe alijua, lakini ahadi ya kale ikikaa mno katika nyumba, hata vyombo huisikia.

Bikizee aliona. Hapakuwa na kitu ambacho macho yale hayakuona.

"Mpe anywe! Maziwa ya mbuzi hayazai ndugu. Yangekuwa yanazaa, mimi ningekuwa na mashemeji mia mbili wenye pembe." Akamgeukia Bassu. "Na wewe kijana mrefu, mbona kimya? Walikununua bila ulimi?"

"Ninao, Bibi. Leo umefunga saumu."

"Haya. Mfungo una mwisho wake," alisema Bibi Tuda, na kicheko chake kikapungua kidogo. Akamtazama Mzee Haddu, naye Mzee Haddu akatazama chini.

*

Adhuhuri iliwakuta mahali pasipokuwa na kitu ila mawe na mbingu. Walilaza baiskeli. Maji ilibidi yawekwe kwa ajili ya kunywa, hivyo Mzee Haddu aliwaamuru watayamamu. Itto alikwenda kando, nyuma ya jabali, akaweka viganja vyake juu ya jiwe la kijivu. Na pale chini ya vidole vyake akahisi umbo. Aliondoa mikono. Ndani ya jiwe lenyewe, limekuwa jiwe pamoja nalo, lilikuwa kombe la baharini, limejizungusha duara ndani ya duara. Kando yake jingine. Kisha akaona kuwa jabali zima limejaa makombe, madogo kama vifungo, makubwa kama sahani.

Aliposwali, hakuweza kuinuka upesi kutoka sijida ya mwisho. Paji lake la uso lilikuwa limegusa sakafu ya bahari, na bahari hiyo imeinuliwa ikawekwa juu ya mawingu.

"Baba," alisema baadaye, akiwaonyesha. "Hapa palikuwa bahari."

"Palikuwa," alisema Mzee Haddu. Alipitisha kidole juu ya kombe moja taratibu, kama apangusaye uso wa mtoto. "Wa kwanza kunionyesha alikuwa baba yangu. Nikamuuliza, nani aliileta bahari huku juu? Akasema: Yule ambaye hana haraka."

Bassu alichutama mbele ya jabali. Itto aliona macho yake yamejaa maji; naye akamkazia macho kiumbe huyu aliyeweza kulizwa na konokono wa jiwe lakini asiweze kufungua kinywa aombe alichokipenda.

"Mwanangu Bassu," alisema Mzee Haddu mara ya pili, akifunga mkoba. "Barabara inayofuata ni kali. Huhitaji chochote kwangu?"

"Sihitaji kitu, Ami."

*

Cheni ya Bassu ilikatika katika kona ya kumi na nne.

Itto alisikia mlio mfupi, kisha kimya. Alirudi nyuma akamkuta ameinama, cheni imelala vumbini kama nyoka aliyekufa. Pini moja ilikuwa imechomoka nusu na kiungo kimepinda. Kwa fundi hiyo si kazi kubwa. Lakini kifaa cha kutolea pini kilikuwa katika mkoba wa Mzee Haddu, ambaye tangu zamani hakukubali kusafiri bila kubeba vyombo vyote mwenyewe. Na Mzee Haddu alikuwa juu yao, kona moja mbele, ameketi ukingoni na miguu yake ikining'inia.

"Mnahitaji kitu huko?" sauti yake ilishuka.

"Hapana, Ami!" aliita Bassu. Akaanza kutafuta mawe mawili mazuri.

"Unafanya nini?" aliuliza Itto.

"Nina msumari. Nitaigonga pini itoke."

"Kwa jiwe? Kifaa kipo pale, unakiona! Nenda kamwombe."

"Sendi."

"Bassu. Ni chuma. Hakuna aliyekwambia umwombe ng'ombe."

Aligonga. Jiwe liliteleza likamchubua kidole. Alikinyonya, akagonga tena. Hapo ndipo subira ya Itto, iliyopanda naye kona kumi na nne, ilipoishiwa na barabara.

"Miaka miwili! Miaka miwili nangoja neno moja kinywani mwako. Ijumaa wanakuja kina Muhand na sukari yao. Nitawaambia nini? Kwamba kulikuwa na fundi mmoja lakini alikuwa na haya?"

"Si haya."

"Ni nini basi? Ni woga?"

"Ni woga."

Alilisema kwa unyofu. Bassu aliweka jiwe chini. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mafuta na myekundu kwa damu, na alimtazama sawasawa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alfajiri.

"Nakiogopa kinywa changu, Itto. Nikikifungua leo kuomba chuma, hakitafungika tena. Kitaomba chuma, halafu kitakuomba wewe. Na baba yako hataweza kukataa. Unanielewa? Hata akitaka, hataweza. Nitakuwa nimekuchukua kama mtu anayechukua kondoo kwa mtu aliyefungwa mikono."

"Mimi si kondoo."

"Ndiyo maana! Nakutaka, walahi nakutaka mpaka mifupa inauma. Lakini nakutaka kutoka kwa mtu anayeweza kusema hapana, naye akasema ndiyo. Asipoweza kusema hapana, ndiyo yake ni ya nini?"

"Na asiposema lolote? Akinipeleka kwa Muhand?"

Bassu aliokota jiwe. "Basi nitakuja kutengeneza baiskeli ya mume wako," alisema kwa sauti ndogo, "na sitamtoza kitu."

Itto alitaka kumpiga. Alitaka kumfuta damu kidoleni. Hakufanya la kwanza wala la pili. Alirukia baiskeli yake akapanda peke yake, machozi yakikauka kwa upepo kabla hayajafika kidevuni.

Akapanda. Mapaja yaliwaka moto, kisha yakapita moto yakawa si yake. Hewa ilikuwa nyembamba kama karatasi ya barua. Kila kona ilimpa kona, kama baba yake alivyosema, na kila kona ilimwondolea kitu: hasira kwanza, kisha maneno, kisha hata jina la Muhand. Theluji ilianza kando ya njia, ikasimama kuta mbili zilizofikia mabega, zikitoa pumzi ya baridi. Tai alipita chini yake. Chini! Aliuona mgongo wa tai, na manyoya yake ya dhahabu, na kivuli chake kikitambaa juu ya mabonde ambayo watu waliyauania. Na mfereji uliomwaga damu ya miaka saba haukuonekana kabisa.

Alisimama. Akasikia nyuma yake, mbali, mlio mkavu wa cheni iliyogongewa kwa jiwe, ukija polepole, ukija bila kukoma.

*

Rundo la mawe lilikuwa kubwa kuliko nyumba. Kila apitaye kipitoni huongeza jiwe lake. Mzee Haddu alikwisha kuswali Alasiri, naye akawangoja waswali. Upande mmoja bonde la Itto, upande wa pili bonde la Bassu, na katikati upepo usio wa mtu.

"Mara ya mwisho, Bassu," alisema Mzee. "Tumefika. Una ombi lolote kwangu?"

Itto alifumba macho. Alimsikia Bassu akivuta pumzi, pumzi ndefu iliyotoka mbali.

"Sina, Ami Haddu."

Likawa limekwisha. Itto aliketi juu ya theluji bila kujali ubaridi wake.

Ndipo alipomsikia baba yake akicheka, kicheko chepesi cha mtu aliyetua mzigo. Alipofumbua macho, mzee alikuwa anafungua kamba mbili za mfuko wa posta. Akatoa kitambaa cheupe, akakikunjua. Ndani mlikuwa na kubadhi moja la ngozi ya manjano iliyokauka na kukunjamana, la mguu wa kulia.

"La babu yako mkuu," alimwambia Bassu. "Limekaa kwetu tangu siku ile. Sasa nisikilizeni. Majira yote ya baridi, mlipodhani nakwenda kunywa chai, nilikuwa barabarani. Nilikwenda kwa fakihi. Akaniuliza: je, kuna mtoto mchanga wa nyumba moja aliyenyonya ziwa la nyumba ya pili? Nikasema hapana, ni kuskusi waliyokula watu wenye ndevu. Akasema, basi sheria ya Mungu haikuharamisha. Hiyo ni ahadi yenu ninyi, na ahadi huheshimiwa; lakini waliofunga wanaweza kufungua, wakiafikiana. Nikawaendea wazee wa huku na wazee wa kule, nyumba kwa nyumba, kama ninayegawa barua."

"Wakakubali?" Itto alinong'ona.

"Kwa sharti moja, nalo wakanikataza nisilitaje. Walisema: kijana huyu akiomba, amelazimisha, na ndoa ya kulazimisha haina baraka. Mpeleke mlimani. Mjaribu mara tatu. Asiyeweza kuzuia ombi lake siku moja hataweza kuzuia hasira yake miaka arubaini." Mzee alimtazama Bassu. "Nilikujaribu mara nne, maana cheni sikuipanga mimi. Na sauti, mwanangu, hupanda mlima upesi kuliko baiskeli. Pale kwenye kona nilisikia yote."

Bassu aliinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa mekundu kama jabali.

"Sasa mwenye ombi ni mimi," alisema Mzee Haddu. Alisimama wima, akashika kubadhi kwa mikono miwili, na sauti yake ikawa ile ya wazee wakitaja mambo makubwa. "Bassu u-Zayd, ndugu yangu wa tada. Katazo la ndoa limefunguliwa, ila undugu wetu sitauvunja, wala kubadhi hili silirudishi. Nakuomba limtoke mlinzi mmoja liende kwa mwingine: binti yangu alibebe, akalitunze nyumbani kwako pamoja na lile la babu yangu. Nimekuomba. Na ole wako useme hapana."

Kijana alifungua kinywa.

"Sasa aliyelazimishwa ni yeye!" alisema Itto, na kilio na kicheko vikamtoka kwa pamoja.

"Nimekubali kulazimishwa," alisema Bassu. "Jabali na nyota ni mashahidi wangu, nimekubali."

"Nyota bado hazijatoka."

"Nitangoja zitoke, nizirudie moja moja."

Mzee Haddu aliinua mkono kuwanyamazisha, akamgeukia binti yake. Uso wake ulilainika.

"Yeye nimemwomba, na hawezi kukataa. Mimi nimeomba, na siwezi kujirudi. Hapa juu, Itto, wewe peke yako ndiye mwenye hapana mdomoni. Wewe nakuuliza. Ukisema Muhand, nitampokea Muhand kwa mikono miwili. Na ukiona haya, basi nyamaza tu. Kimya cha mwali ni radhi yake."

Upepo ulitulia. Mabonde mawili yalilala chini yao, la kushoto na la kulia, dhahabu juu ya dhahabu, na moshi wa majiko ya watu waliokuwa wakichinjana zamani ukapanda kutoka pande zote mbili ukakutana angani. Itto alitazama chini, akatazama juu. Alijua la adabu ni kunyamaza. Lakini kimya alikwisha kukishiba siku nzima, kona kwa kona, na mlima ulikuwa umempa pumzi moja ya mwisho ambayo hakujua kama anayo.

Alilichukua kubadhi mikononi mwa baba yake, akalikumbatia kifuani, akaimba:

*Mlima sasa mfupi, kilele nimekiona,*
*Waniuliza ni lipi, na moyo ulishanena.*

Sauti ilishuka bonde la kulia ikarudi. Ikashuka bonde la kushoto. Na kule chini sana, penye zizi la mawe ambalo macho hayakuweza tena kulitambua, mwanamke mmoja mzee akapiga kigelegele kirefu, nacho kikaanza kuupanda mlima.